Sahani ya Kogo

Karai la mama yangu limeuzwa kwa mtu wa vyuma kuukuu. Wifi yangu ndiye aliyeliuza alipokuwa akisafisha jiko la marehemu, na aliponieleza kwa simu alicheka. Akasema lilikuwa limetoboka, na tena siku hizi nani anajisumbua kukaanga nyumbani, si chipsi ziko kila kona? Nikamwambia sawa. Nikakata simu, nikakaa kitandani, na hasira ikanishika mchana kutwa. Hizo za kila kona nazijua. Nimezila Kapsoit nikingojea gari, nimezila Kericho mjini, zimefungwa kwenye karatasi ya nailoni mpaka zikatoa jasho, zimelegea, zimeogeshwa tomato. Mtu aliyelelewa na mama yangu hawezi kuziita hizo chipsi. Na kama kuna wa rika langu anayesoma haya na kuona nimezidisha, avumilie tu, kwa sababu nina jambo la kusema na nitalisema lote.

Nyumbani kwetu ni upande wa Kaplong, kwenye mteremko. Ukisimama mlangoni asubuhi unaona majani chai ya baba yakishuka mpaka kijitoni, na ng'ambo ya kijito majani chai ya watu wengine yakipanda tena. Ua ulikuwa mmoja na nyumba mbili. Yetu ilikuwa ya mabati, na jiko lake pembeni. Nyingine ilikuwa ya Kogo, nyanya yangu, mama yake baba. Ilitazamana na yetu, na nyuma yake palikuwa na hori la ng'ombe. Kati ya milango hiyo miwili palikuwa na nyasi fupi na kamba ya kuanikia nguo, umbali ambao mtoto angeuvuka akiwa amebana pumzi. Lakini chakula cha mama kilikuwa hakijawahi kuuvuka, kwa sababu Kogo hakula kitu chochote kilichotoka jikoni mwa mama yangu.

Mama alikuwa Mkisii. Baba yake alichuma chai kwenye shamba kubwa upande wa Kericho, naye akazaliwa na kukulia kambini, kwenye vile vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa mistari. Alipokuwa msichana aliajiriwa jikoni kwa meneja wa shamba, na huko ndiko alikojifunza kukaanga viazi na kuvila na maziwa mazito yaliyotiwa viungo. Kisha akakutana na baba, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa trekta palepale, wakaoana, akaletwa kwetu. Kogo alimwita "mtoto wa kambi." Zile siku za vurugu mpakani kati ya Wakisii na sisi Wakipsigis, watu walipoangaliana vibaya hata sokoni, alimwita jina baya zaidi, nami sitaliandika hapa, kwa sababu jina lile halistahili wino wangu.

Mimi nilidhani shida ni chakula. Nilikuwa na miaka minane hivi, na akilini mwangu mtu asipokula kwako ni kwamba hujapika vizuri. Sasa, chakula cha mama yangu cha siku za kawaida kilikuwa ugali na mboga kama cha kila nyumba, na hapo ningekubali kwamba mtu anaweza kukataa. Lakini Jumapili, tukitoka kanisani, alikaanga chipsi, na sikuweza kuelewa mtu mwenye pua angewezaje kukaa ng'ambo ya kamba ya nguo, asikie harufu ile, na asije.

Ngoja niwaeleze zilivyopikwa. Mama alinunua viazi vya Kedowa, vile vyekundu vyenye nyama ngumu, kwa mwanamke mmoja aliyevileta sokoni Kaplong. Vya shambani kwetu alisema vina maji mengi. Alivimenya, akavikata vipande virefu vya unene wa kidole changu cha mwisho, na najua ni kidole changu kwa sababu alikuwa akikivuta na kukipimishia hapo hapo na kisu mkononi. Vikalala kwenye beseni la maji baridi mpaka maji yakageuka meupe, akayamwaga, akaweka mengine. Halafu akavitia kwenye maji ya moto yenye chumvi, muda mfupi tu, akaviopoa na kuvitandaza juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Kazi yangu ilikuwa kuvikausha kimoja kimoja. Niliichukia kazi hiyo.

"Ukiacha maji, mafuta yatakurukia wewe, si mimi," alikuwa akiniambia. "Kausha vizuri."

Kwenye bakuli alichanganya unga wa mahindi aliouchekecha mara mbili, binzari, pilipili iliyosagwa, na majani ya dania aliyoyakausha juu ya dari ya jiko na kuyasugua kwa viganja. Akavirusharusha viazi humo mpaka kila kipande kikavaa unga. Moto ulikuwa wa matawi ya majani chai yaliyopogolewa, ambayo huwaka vikali na hayatoi moshi mwingi. Mara ya kwanza vilitoka kwenye karai vyeupe, vimechoka, havina hamu na mtu. Akaviacha vipumzike. Mara ya pili, mafuta yakiwa yamekasirika sawasawa, aliviingiza tena, na hapo jiko zima lilijaa ule mlio. Alipovimwaga kwenye sahani ya bati vililia kama changarawe. Ukiuma kimoja unasikia mwenyewe masikioni, halafu ndani ni laini, moto, unapuliza huku umeachama.

Na maziwa. Ijumaa aliyaweka yalale kwenye jagi la enameli, na Jumamosi jioni akayamimina kwenye kitambaa safi, akakifunga, akakining'iniza kwenye msumari juu ya beseni. Kufika asubuhi maji yake yote yalikuwa yametoka na yaliyobaki yalisimama kwenye kijiko. Aliyakoroga na kitunguu saumu alichokiponda pamoja na chumvi, pilipili mbichi kidogo, na ndimu alipoipata. Unachovya ncha ya chipsi, unakula. Kuna baridi na moto, kuna uchachu na chumvi, vyote pamoja mdomoni, na baada ya hapo mtu akikuletea tomato ya chupa unamwonea huruma.

Hayo maziwa ndiyo yaliyokuwa kosa. Kwa Kogo, maziwa ni ya kibuyu. Kibuyu kinasafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yanatiwa, yanafunikwa, yanangoja, yanakuwa mursik, na hakuna mkono wa mtu unaoongeza kitu kingine humo. Chumvi ikikutana na maziwa, alisema, ng'ombe aliyeyatoa ataumwa kiwele. Sijui kama ilikuwa mila ya ukoo mzima au yake peke yake, maana majirani wengine nimewauliza wakacheka. Lakini yeye aliisema kama mtu anavyosema kwamba moto unachoma. Na mke akiletwa nyumbani kwetu hupewa kibuyu na mama mkwe wake. Mama hakupewa. Alikuwa na lile jagi la enameli, na mimi nilidhani amenyimwa kwa sababu vibuyu huvunjika na yeye ana haraka ya mikono.

Basi Jumapili moja nilimwambia, "Mama, nipe nimpelekee Kogo. Akionja mara moja tu atakula."

Mama alifuta mikono kwenye leso. "Peleka," akasema. "Lakini usimlazimishe."

Akanipa sahani imejaa, na kikombe kidogo cha maziwa pembeni. Vitu viwili mikononi, kuku wananifuata, nikaona taabu. Nilipofika kwenye kamba ya nguo niliyamwaga maziwa yote juu ya chipsi, nikaficha kikombe kwenye nyasi. Nilifanya hivyo Jumapili hiyo na kila Jumapili iliyofuata, na sijutii, mtaona kwa nini.

Kogo alikuwa ameketi ndani, miguu amenyoosha. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu wakati huo. "Weka hapo," akaniambia. "Enda ucheze." Jioni nilirudi kuchukua sahani nikaikuta kwenye kizingiti imelambwa ikang'aa, haina hata chembe ya unga. Nilikimbia nayo mpaka jikoni.

"Amekula?" mama akauliza.

"Amelamba."

Mama aliichukua sahani akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaipitisha kidole. Kisha aliiweka peke yake kwenye rafu, mbali na nyingine. Kuanzia Jumapili iliyofuata, chipsi bora kuliko zote, ndefu, zilizoiva rangi moja, zilikwenda kwenye sahani hiyo kabla sisi hatujagusa. Mama akaanza kuimba nyimbo za kanisani akipika. Mimi nilijiona mtu mkubwa sana, kwa sababu ni mimi niliyeleta mambo hayo, na sahani ilirudi inang'aa kila jioni.

Kisha mvua ndefu ikaja na Neema akaugua. Neema alikuwa ng'ombe wa Kogo, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, na mama ndiye aliyemkamua. Kiwele kilivimba upande mmoja kikawa kigumu na cha moto, na maziwa yakatoka na mabonge na damu. Mama alituonyesha kwenye kikombe, akayamwaga. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, Kogo alivuka nyasi akasimama kwenye mlango wa jiko letu na fimbo yake. Na mama alizungumza naye Kiswahili kama siku zote, ingawa mama alijua Kipsigis vizuri. Hicho Kogo hakutaka kukisikia kinywani mwake.

"Wewe natia jumvi kwa masiwa," Kogo akasema. "Mimi nasema, wewe hapana sikia. Sasa ng'ombe nakufa."

"Ng'ombe analala kwa matope, Kogo. Boma imejaa maji. Tuite daktari."

"Daktari hapana jua hii kitu. Hii ni mkono yako."

Baba alimwita daktari wa mifugo hata hivyo. Alikuja kwa pikipiki, akaingiza dawa kwenye chuchu, akasema tumwage changarawe bomani na tumkamue mara kwa mara, akaondoka. Kogo alimtazama akiondoka kama mtu anayemtazama mchuuzi. Jioni hiyohiyo alituma neno kwa Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliyekaa upande wa Bomet. Na usiku ule, baba alimwambia mama jikoni, mimi nikiwa nimelala kwenye benchi, au ndivyo walivyodhani.

"Watakuja Jumapili. Wanataka tuzungumze kama... kama uende kwenu kidogo, mambo yapoe."

"Kidogo ni siku ngapi?"

Baba alisukuma kuni motoni. Alikuwa mtu mwema, baba yangu, na alikuwa mwoga wa mama yake, na sitamsafisha kwa hilo.

"Na watoto?" mama akauliza.

"Watoto ni wa hapa."

Niliposikia hivyo nilifurahi. Naapa, nilifurahi. Nilidhani ni sifa, kwamba mimi na mdogo wangu tunapendwa sana mahali hapa hata hakuna anayeweza kutuondoa. Asubuhi nilimwambia mama hayo kwa majivuno, kwamba sisi ni wa hapa. Alivuta kichwa changu akakiweka tumboni mwake, akanishika hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kupambana nitoke. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, bila kujua ninaogopa nini. Nikamuuliza kama anaenda mahali. Akasema, "Sijaamua," na sauti yake haikuwa ya mtu anayesubiri kuamuliwa.

Wiki ile aliambiwa asiguse maziwa yoyote mpaka kikao. Ijumaa alinunua ya jirani, akayaweka yalale kwenye jagi. Jumamosi jioni kitambaa kilining'inia kwenye msumari. Baba alikiona, akatoka nje kuangalia kuni.

Walikuja baada ya kanisa. Baba Mkubwa alikuwa na koti lake la harusi, na pamoja naye Mzee Arap Sang, jirani wa ng'ambo ya kijito, ambaye aliitwa kwenye kila ugomvi kwa sababu hakuwa na haraka na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Kogo alikaa kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cha kufuma. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa ndani, na mdogo wangu mapajani nikimziba mdomo. Walizungumza Kipsigis. Kogo alieleza habari ya chumvi, na ya kiwele, na ya mtoto wa kambi ambaye hafundishiki. Baba alitazama sakafu. Kutoka jikoni harufu ilianza kuingia, binzari na viazi na mafuta moto, ikajaa chumba kile kizito, na nilimwona Mzee Arap Sang akiinua pua mara moja na kuishusha.

Kwetu mgeni haondoki bila kula, hata kama amekuja kukufukuza. Walikuwa wakingojea ugali na kuku. Mama aliingia na maji ya kunawa, akawamiminia mikono mmoja mmoja kuanzia mkubwa, akatoka, akarudi na sinia. Aliliweka katikati ya meza. Chipsi zilikuwa mlima, bado zinalia, na kando yake bakuli la maziwa, jeupe, lenye madoa ya kijani ya pilipili.

Baba Mkubwa alilitazama lile bakuli. "Mama Chebet," akasema polepole, "hii ni nini?"

"Chakula cha Jumapili, shemeji. Ile mmekuja kuongea juu yake. Nimeona mkiongea kitu, ni vizuri mkione."

"Mnaona?" Kogo aliwaambia kwa Kipsigis. "Analeta mbele yenu. Amekatazwa, na analeta mbele yenu. Kitu ambacho hakuna mtu wa nyumba hii anaweza kutia mdomoni."

Sasa hilo lilikuwa uongo, na mimi nililijua kuwa uongo. Nilisimama na mdogo wangu akaanguka kwenye zulia akaanza kulia.

"Lakini Kogo, wewe unakula," nilisema. "Kila Jumapili nakuletea. Unalamba mpaka sahani."

Baba aliinua uso. Mama alikuwa amesimama na jagi la maji mkononi, na nilimwona akimtazama Kogo, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho leo najua kuwa tumaini, na kinaniuma kukikumbuka kuliko mambo mengine yote ya siku ile.

Kogo alicheka kwa pua. "Mimi? Mimi nile hiyo? Huyu mtoto aliniletea, ningemfukuza? Nilimpa Neema. Nilimwaga kwenye hori, Neema akala, akalamba na sahani."

Nilitaka kulia, na nilikataa kulia mbele yake. Nilimkumbuka Neema na ule ulimi wake mrefu wa kukwaruza, nikaona vile sahani ilivyokuwa iking'aa.

Hapo ulisikika mlio mmoja, mkavu, wa kitu kikivunjika. Ulikuwa mdomo wa Mzee Arap Sang. Alikuwa amechukua chipsi moja bila mtu kumwona, na sasa aliitafuna kwa utulivu mpaka ikaisha, huku sisi sote tukingoja.

"Chebet," akaniita. "Haya maziwa, ulimpelekea Kogo kwa kikombe?"

"Mama alinipa kwa kikombe. Mimi nilimwaga juu."

"Juu ya viazi."

"Yote."

"Kila Jumapili."

"Kila Jumapili."

Alichukua nyingine, akaichovya kwenye bakuli, akaila pia. Kisha akamgeukia Baba Mkubwa. "Tusikie vizuri basi. Huyu mama ametia chumvi kwenye maziwa, akawapa watu. Huyu mama mwingine amechukua maziwa yenye chumvi akayatia kwenye mdomo wa ng'ombe mwenyewe. Kama kosa ni la chumvi, na kuna mtu wa kurudishwa kwao leo, tumrudishe nani?"

Kwao Kogo ni juu huko Kipkelion, na wazazi wake walikuwa wamekufa kabla baba hajazaliwa. Baba Mkubwa alikohoa. Baba alitoa sauti fupi, na kabla hajaizuia ikawa kicheko, cheko moja tu, la kwanza nililowahi kumsikia akilitoa mbele ya mama yake. Kogo aligeuza uso akatazama dirisha.

Mama hakucheka. Aliweka jagi chini.

"Kwa ng'ombe?" akauliza kwa Kipsigis, waziwazi, mbele ya wote. "Kila sahani?"

Kogo aliendelea kutazama dirisha.

"Mzee, asante," mama akamwambia Arap Sang, sasa kwa Kiswahili. "Lakini mimi sikupika hii ili nishinde kesi. Hata mngesema niende, nisingeenda. Ningekaa hapo katikati ya majani chai mpaka mnitoe na mikono. Mlisema watoto ni wa hapa. Mimi niko pale watoto wangu wako. Sasa kuleni, zinapoa."

Wakala. Baba Mkubwa alikula kwanza kwa ncha za vidole, halafu kwa mkono mzima. Hakuna aliyezungumza tena habari ya mtu kurudi kwao, siku ile wala baadaye, na Neema alipona, ingawa chuchu moja haikutoa maziwa tena.

Wengine wangemaliza hadithi hapo, na wifi yangu akiisimulia humalizia hapo, huku anacheka. Mimi sikucheka wiki ile nzima. Mama aliitoa ile sahani kwenye rafu akaichanganya na nyingine. Hakuimba. Nilipita karibu na Kogo uani nikamgeuzia uso, na aliponiita nikajitia kiziwi. Jumamosi, kitambaa kilipotundikwa, nilimwambia mama asimpelekee tena Kogo hata ganda la kiazi.

"Sasa ndio nitapeleka," mama akasema. "Zamani nilipeleka kwa sababu nilidhani anapenda. Hiyo ilikuwa rahisi."

"Atampa Neema."

"Neema nitamfunga kule chini."

Na alimfunga kweli, chini kabisa, karibu na kijito. Jumapili ile alibeba sahani mwenyewe mkono mmoja na bakuli mkono wa pili, akavuka nyasi, akainama chini ya kamba ya nguo na kunyooka tena bila kumwaga tone. Mimi nilimfuata nyuma. Kogo alikuwa ndani, akipukusa mahindi kwenye ungo. Mama aliweka chakula kwenye kiti kidogo mbele yake, akavuta kigoda, akaketi.

"Kogo, chakula."

"Mimi hapana taka."

"Sawa. Nitangoja."

Kogo aliendelea kupukusa. Mama alikunja mikono mapajani. Sijawahi kuona watu wawili wakikaa vile. Mvua ilianza juu ya bati, ikanyesha, ikapungua. Kuku mmoja aliingia, akanyoosha shingo kuelekea sahani, mama akamfukuza kwa mguu bila kuinuka. Niliziangalia chipsi zikipoteza uhai wake, mvuke ukiisha, unga ukinywea, na nilitaka kupiga kelele kwamba zinaharibika. Mama hakuziangalia. Alimwangalia Kogo.

Mahindi ya ungo yakaisha. Kogo alipapasa kama kuna jingine, hakuna. Basi alinyoosha mkono akachukua chipsi moja, akaileta karibu na macho yake yenye ukungu, akaitia upande wa mdomo uliokuwa na meno. Akatafuna muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Imelegea," akasema.

"Imelegea kwa sababu umeiacha."

"Siku ingine leta mbio," Kogo akasema, akachukua nyingine.

Kwenye mazishi ya mama, mtu mmoja wa ukoo alisimama na kipaza sauti akasema kwamba Kogo alimpokea mama siku ile, wakawa kama mama na binti yake, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, na nilitikisa kichwa kukataa mpaka mdogo wangu akanishika bega. Kogo alikula viazi, basi. Bakuli la maziwa hakuligusa, siku hiyo wala Jumapili nyingine yoyote mpaka alipokufa. Na mama hakuacha kulipeleka. Aliliweka karibu na mkono wa kulia wa Kogo, kila Jumapili, kisha akakaa kwenye kigoda akamngoja.